Ndai ya Kila Siku Kwenye Treki: Ni Form ama Ni Kujitafutia Hasara?

Kila wikendi kwa status kuna mtu ameposti Subaru ikikata kona, moshi nyuma, mbogi inapiga nduru. Wewe uko kejani Ruiru unaangalia ka-Demio kako hapo kwa parking unajiuliza, "Na mimi je?"

Swali ni poa. Shida ni washauri. Kuna yule beshte anakushow ukanyage tu, maisha ni moja. Kuna mzae anakuambia gari ni ya kwenda mboka na kurudi. Na hakuna hata mmoja wao atakulipia fundi ikifika Jumatatu. Kwa hivyo hapa tumekuwekea kila kitu unafaa kupima kabla hujapeleka gari yako ya kila siku kwa treki. Soma pole pole, kisha uamue mwenyewe.

KWANZA, TREKI NI NINI?

Treki ni kiwanja cha mbio kilichofungwa. Hakuna mathree, hakuna boda, hakuna mbuzi, hakuna mtoto anavuka. Siku ya treki, wenye magari wanalipa kiingilio halafu wanaingia kwa zamu, mara nyingi kama dakika 15 ama 20, wanatoka, gari inapoa, wanarudi. Hakuna kombe. Ukipimwa saa, unajipima wewe na jana yako.

Usichanganye hiyo na vitu viwili vinafanana nayo. Time trial ni mashindano ya saa: gari moja inaachiliwa, inafuata nyingine baada ya muda, na mwenye dakika chache ndiye bingwa. Autocross pia ni saa, lakini mara nyingi ni kwa murram, kona zimejaa na vumbi ni mob.

KENYA TUKO NA NINI?

Tuseme ukweli: Thika na Ruiru hazina kiwanja cha kudumu cha lami cha mbio za magari. Lazima utoke mtaani. Lakini si eti hakuna kitu.

Kiamburing TT ndiyo iko karibu na nyumbani, kwa sababu ni ya hii kaunti yetu ya Kiambu. Barabara ya lami inafungwa, magari yanapanda moja moja dhidi ya saa. Jina lenyewe limechezea Nürburgring ya Ujerumani. Hapo utaona magari yamejengwa kwa mbio, na pia magari ambayo Jumatatu yanaenda ofisi.

Autocross iko kwa kalenda ya vilabu vya motasport, na vilabu hivyo viko chini ya Kenya Motor Sports Federation, KMSF. Mashindano rasmi yana leseni ya mashindano na ukaguzi wa gari, kwa hivyo usifikirie utafika tu na funguo mkononi.

Karting nayo iko Langata pale karibu na Carnivore, na iko Whistling Morans, Athi River. Weka hii akilini, tutairudia, kwa sababu kwa wasee wengi ndiyo jibu.

Sasa angalia safari yenyewe. Kutoka Ruiru unashika Eastern Bypass pale Kamakis, unatokea Mombasa Road, unaenda Athi River. Hiyo gari ikifa huko, hujapoteza tu siku. Uko mbali na nyumbani, unatafuta gari ya kuvuta, na kesho saa kumi na moja asubuhi unafaa kuwa barabarani. Gari ya treki ya kweli huletwa juu ya trela. Yako lazima ikulete nyumbani yenyewe.

GARI YA KAWAIDA KWA MBIO SI KITU MPYA

Kama kuna mtu anakucheka eti Vitz haiwezi enda mbio, mpe hii historia. Safari Rally ilianza 1953 ikiitwa East African Coronation Safari, na magari yalikuwa ya kawaida, yale yanauzwa dukani. Hata madaraja yalipangwa kulingana na bei ya gari. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ilikuwa kati ya zilizofanya vizuri zaidi mwaka huo.

Halafu 1965, Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari na Volvo PV544 ya mtumba. Ilikuwa imeshatumika kwa Safari ya mwaka uliotangulia, wakainunua, wakaitengeneza, wakawapiga wote.

Lakini soma hiyo story vizuri. Joginder alikuwa fundi kabla awe dereva maarufu. Alijua kila nati ya hiyo gari. Somo hapo ni kwamba gari ya bei rahisi iliyokaguliwa vizuri inaweza kushinda gari ghali iliyopuuzwa. Somo si kwamba gari yoyote inaweza kwenda.

THIKA ROAD SI TREKI

Hii lazima tubonge. Thika Superhighway ilifunguliwa rasmi 2012, ni kama kilomita 50 kutoka Nairobi hadi Thika, na usiku ikiwa wazi inakutongoza. Kuna wasee wanaona kiingilio cha treki ni ghali, wanaamua kupimana hapo Juja saa nane usiku.

Piga hesabu kidogo. Ukiwa na 80, kila sekunde unaenda mita 22. Macho yaone, akili ishtuke, mguu ufike kwa breki: weka sekunde moja na nusu. Hapo umeshaenda mita 33 kabla gari ianze kupunguza. Ongeza mita kama 36 za kusimama, lami ikiwa kavu na tairi zikiwa poa. Jumla kama mita 70.

Ukiwa na 140, hizo mita 33 zinakuwa 58, na za kusimama zinakuwa kama 110. Jumla karibu mita 170. Huo ni urefu wa uwanja wa mpira moja na nusu, na hapo katikati kuna mtu wa mboka ya usiku ameamua kuvuka chini badala ya kupanda daraja. Taa zako usiku hazifiki hapo. Utamwona ukiwa umechelewa.

Kwa hivyo kama swali lako ni treki ama Superhighway, jibu ni treki, siku zote. Kama huwezi afford treki, basi huwezi afford mbio. Sare.

MASWALI MATANO YA KUJIULIZA

1. Hii gari inakulisha?

Kama ndai yako inabeba abiria wa app, inapeleka bidhaa Gikomba, ama ndiyo inapeleka mathe kliniki kila mwezi Thika Level 5, hiyo si gari yako peke yako. Kuna watu wanaitegemea. Hesabu siku ngapi unaweza kaa bila gari. Kama jibu ni "hata moja haiwezekani," umeshajijibu.

2. Ni yako kweli?

Angalia logbook. Kama jina la benki, la Sacco ama la mkopeshaji liko hapo pamoja na lako, ukiivunja bado utalipa kila mwezi, na hutakuwa na gari. Kulipa mkopo wa chuma imekaa gereji ni moja ya maumivu mabaya hapa mjini. Na kama gari ni ya mzae, muulize. Usimpelekee story ikiwa imeshapasuka taa.

3. Bima itasema nini?

Hapa ndipo wasee wengi huoshwa. Ile bima ya lazima, kwa sheria ya Cap 405, ni ya kifo ama majeraha ya watu wengine barabarani. Haikutengenezei gari yako. Ile bima kubwa nayo inatengeneza gari yako, lakini kwa kawaida mkataba una kipengele kinaondoa mashindano, mbio na kupima kasi. Soma karatasi yako, tafuta hayo maneno. Usimuulize tu ajenti kwa simu, mwambie aandike.

Na usiwaze kudanganya eti ajali ilifanyika Mombasa Road. Siku hizi kila mtu ana simu, na video yako ikitokea kwa TikTok umekosa gari na ukapata kesi.

Hata majuu ni hivyo hivyo. Nürburgring Nordschleife, ile ya karibu kilomita 21, siku kadhaa za mwaka mtu yeyote anaweza lipa na kuingia na gari yake ya nyumbani. Lakini ukigonga vizuizi vya kando, unatumiwa bili ya kuvitengeneza. Hakuna treki ya bure duniani.

4. Gari iko fiti?

Si fiti ya kwenda Blue Post na kurudi. Fiti ya kuteswa. Tutaichambua hapa chini.

5. Uko na doh ya kesho yake?

Chukua karatasi. Andika kiingilio, mafuta ya kwenda na kurudi, mafuta ya kuchoma ndani ya treki, oil mpya, oil ya breki, pedi, na sehemu ya maisha ya tairi unayoenda kumaliza. Uliza bei kwa fundi wako na kwa maduka mawili ya spea, kisha ujumlishe. Hiyo ni bei ya siku ambayo kila kitu kimeenda sawa.

Sasa andika bei ya pili: gari yote. Wazee wa treki kote duniani wana kanuni moja: usiingie na gari ambayo huwezi kuiacha hapo na uende nyumbani bila kuharibikiwa maisha. Ukisoma hiyo bei ya pili na tumbo likauma, hiyo tumbo iko na akili.

NINI HUUMIA KWA GARI?

Breki ndiyo ya kwanza. Nguvu ya mwendo haipandi kama kasi, inapanda kwa kasi mara kasi. Kutoka 100 hadi 140 unaona ni kaongezeko kadogo, lakini kazi ya breki karibu inakuwa mara mbili. Na kwa treki unafanya hivyo kila kona, bila kupumzika. Pedi za kawaida zinapata moto, zinakosa kushika, pedali inakuwa ngumu na gari haisimami.

Oil ya breki nayo hunyonya unyevu kidogo kidogo kila mwaka. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia digrii 205, lakini ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi kama 140. DOT 4 mpya ni 230, na ikizeeka ni 155. Ikichemka inatoa hewa, unakanyaga pedali inaenda hadi sakafu. Kama hukumbuki lini ulibadilisha, basi imezeeka.

Tairi ni ya pili. Angalia ubavuni kuna tarakimu nne. Ukiona 2219, hiyo ni wiki ya 22 ya mwaka 2019. Magari yetu mengi yanakuja Mombasa yakiwa na miaka kama saba, na mara nyingine na tairi za huko Japani. Kashata inaweza kuwa imejaa lakini mpira umekauka. Tairi kama hiyo kwa lami moto inaweza kukuachilia katikati ya kona.

Tatu ni joto. Thika na Ruiru ziko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kwa huo urefu maji ya sufuria huchemka kama digrii 95, si 100. Kwa hivyo gari inayoendeshwa na maji ya bomba kwa redieta, na kifuniko cha redieta kimelegea, treki itaichemsha kabla ya chai. Weka kulanti ya maana. Na kama injini yako haina turbo, hewa nyepesi ya huku imeshakunyang'anya kama asilimia 15 ya nguvu. Usishangae ukiachwa na turbo.

Nne ni gia. Fielder, Axio, Note na Fit nyingi za hapa ni CVT. Hiyo mikanda ya ndani haikuundwa kwa kukanyagwa dakika 20 mfululizo. Inapata moto, kompyuta inapunguza nguvu kujilinda, na ukilazimisha unanunua giaboksi.

NDAI ZETU, MOJA MOJA

Vitz na Demio za manyuali: nyepesi, hazili breki haraka, tairi zake ni za bei ya kibinadamu. Hazina mbio, na hiyo ndiyo raha yake, kwa sababu zinakufundisha kona. Kwa mwanafunzi wa treki hizi ndizo walimu wazuri.

Fielder, Axio na Note za CVT: mizunguko michache, kisha upoe. Si za kupigana.

Subaru za turbo: zinapenda kazi, lakini za zamani zinajulikana kula oil, na kwa kona ndefu oil inasogea upande mmoja wa sampu. Pima dipstiki kabla na baada ya kila zamu. Ukisikia mlio wa chini kama kugonga, zima papo hapo, usisubiri laini ya mwisho.

Golf GTI: nzuri sana kwa kona. Kama ni DSG ya gia 6, oil yake inafaa kubadilishwa kila kilomita 60,000. Kama uliinunua bila rekodi, anza na hiyo.

Forester, Prado na marafiki zao warefu: kiti chako kiko juu, uzito uko juu, kona haikupendi. Mbebe watu na vyakula, kuwa shabiki.

UKIAMUA NI NDIO

Wiki moja kabla: badilisha oil ya injini na oil ya breki. Fundi atoe tairi zote nne, aangalie pedi, mipira ya breki na bushi. Nati za tairi zikazwe na spana ya kipimo, si kwa kuruka juu ya spana. Kwa Toyota nyingi ndogo kipimo ni kama Nm 103. Betri iwe imefungwa imara.

Usiku wa kabla: toa kila kitu ndani. Jeki, speaker, chupa za maji, kiti cha mtoto, hata mazulia ya miguu. Chupa moja ikiteleza chini ya breki, stori imeisha. Lala mapema, na usikunywe. Kamakis itakuwa hapo Jumapili jioni.

Asubuhi: nguo ya pamba ya mikono mirefu, viatu vya soli nyembamba, na helmeti nzima. Ile ya boda iliyopasuka haihesabiki. Hudhuria maelezo ya waandaaji, jua kila bendera inasema nini. Uliza ambulensi iko wapi na kizima moto kiko wapi. Kama hakuna mtu anaweza kukuonyesha, geuza gari urudi nyumbani, hata kama umeshalipa.

Ndani: mzunguko wa kwanza ni wa kupasha moto, wa mwisho ni wa kupoesha. Kanyaga breki ukiwa umenyooka, si ukiwa ndani ya kona. Pedali ikianza kulainika, toka. Ukitoka usivute handbreki, diski ziko moto sana. Weka gari kwa gia na uzuie tairi kwa jiwe. Na usimbebe dem ama beshte kwa zamu yako ya kwanza. Utaendesha kwa ajili yake.

Kurudi: ngoja dakika 30. Pima oil, kulanti, upepo na nati tena. Kisha endesha kama mzee wa kanisa. Hapa ndipo kuna hatari watu hawaongei. Baada ya treki, 100 inahisi kama 50, na bypass imejaa lori. Vile vibao vya 50 mjini bado ni sheria, na karao hajali ulikuwa bingwa mchana.

UKIAMUA NI BADO

Hujachoma. Kuna njia zingine za kuingia hii game bila kuhatarisha chakula.

Anza na karting. Unalipa dakika zako, ukitoka gari si yako, ikivunjika mnyororo si shida yako. Utajifunza mstari wa kona, lini kuvunja kasi, lini kuachilia. Hiyo elimu inahama moja kwa moja hadi kwa gari.

Pili, jitolee. Mashindano ya Kenya yanahitaji watu wa kusimama na bendera, wa kupima saa, wa kuangalia barabara. Nenda kwa klabu, uliza. Utaona magari yakivunjika karibu, na utajua ni nini huvunjika kwanza bila kulipa hata shilingi.

Tatu, wekeni pamoja. Wasee wanne mkinunua ka-Vitz ka zamani ka manyuali, kikawa cha treki peke yake, kila mtu anabaki na gari yake ya mboka. Andikeni makubaliano: nani alilipa nini, na akigonga nani anatengeneza. Urafiki mwingi umeisha kwa sababu ya bampa.

Nne, tengeneza tu breki na tairi za hiyo gari yako. Hata usipowahi kuona treki, siku moja pale Githurai mtu atakurukia mbele, na zile mita chache ulizonunua kwa fundi ndizo zitamrudisha kwao.

KWA UFUPI

Kama gari haikulishi, ni yako kabisa, umesoma bima ukajua uko peke yako, breki na tairi ni mpya, na ukiipoteza hutalala njaa, basi enda, na uende pole pole. Kama moja kati ya hizo imekataa, rekebisha hiyo kwanza. Treki haihami, itakungoja. Landlord ndiye hangoji.

Wewe je, ndai yako imepita maswali mangapi kati ya hayo matano?